Mfereji wa Mpaka: Matembezi ya Ufukweni Rumonge

Likizo iliyopita baba yangu mdogo aliniita uani, akanipa kiti, kisha akanipa kazi. "Wewe ndiye unayesoma historia chuoni," alisema. "Niandikie historia ya shamba letu. Kurasa mbili tu, zenye tarehe. Ionekane kwamba sisi ndio tuliotangulia."

Anataka kuifungua upya kesi ya shamba letu la michikichi lililo kando ya Ziwa Tanganyika, kusini kidogo ya mji wa Rumonge. Tangu mwaka 2009 tunaligawana nusu kwa nusu na familia nyingine. Kati ya nusu yetu na nusu yao kuna mfereji uliochimbwa kwa jembe na koleo, upana wake hatua moja ya mtu mzima. Mfereji huo unatoa maji ya mvua shambani na kuyapeleka ziwani, na papo hapo ndio mpaka.

Kabla ya kuandika nilitaka kwanza kwenda kwa miguu kutoka sokoni hadi mferejini. Bibi akasema atakuja, na mdogo wangu wa miaka tisa akatufuata. Njia yenyewe ni nyepesi: tambarare yote, ziwa upande wa kulia, michikichi na milima upande wa kushoto. Ukitembea na mzee na mtoto, ukipumzika mara mbili, asubuhi moja inatosha. Insha hii inafuata njia hiyo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba historia ya Rumonge imelala ardhini na majini kwa tabaka, na mtu anayetaka kuitumia ili ashinde kesi analazimika kuitembea yote, hata pale isipomfaa.

Tulianzia sokoni. Rumonge iko kando ya Barabara ya Taifa namba 3, karibu kilomita 75 kusini mwa Bujumbura. Asubuhi sokoni hapo utakuta madumu ya mawese, ndagala waliokaushwa, mukeke wabichi kwenye mabeseni, na Kiswahili kila kona. Nilipofika chuoni baadhi ya wenzangu wa bara walidhani Kiswahili ni lugha iliyokuja Burundi na Jumuiya ya Afrika Mashariki, tulipojiunga mwaka 2007. Kwetu kilikuja zamani zaidi, kwa mitumbwi. Katika karne ya 19 Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Kutoka Ujiji wafanyabiashara walipanda kaskazini kwa kufuata ufukwe huu huu, wakitafuta pembe za ndovu, chakula, na watumwa. Katika miaka ya 1880 mkubwa wao alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mzaliwa wa Lindi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza. Watu wake walijenga nguvu zao kwenye ukanda wa ziwa, lakini walipojaribu kupanda milimani walikutana na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo, na milima hawakuipata. Ndiyo maana mpaka leo Kiswahili na misikiti vimeshika ufukwe kuliko vilima.

Hata mawese yana historia yake. Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 aliyakuta tayari yakiuzwa. Nilimwambia bibi hivyo, nikidhani nimempa habari mpya. Akacheka: "Sasa ulidhani tulikuwa tunapikia nini?"

Kutoka sokoni tulishuka hadi ufukweni, na hapo mdogo wangu akaniuliza kama ni kweli kwamba Wazungu waliligundua ziwa. Swali hilo wanalikuta shuleni. Nilimweleza habari ya jiwe la Mugere, lililo kaskazini yetu, kilomita chache kabla ya kufika Bujumbura. Juu ya jiwe hilo kumeandikwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wawili hao walikuwa wamekutana Ujiji, wakaamua kwenda kaskazini kwa mtumbwi wajue kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, kwa sababu Livingstone alikuwa akitafuta chanzo cha Nile. Walikuta unaingia. Njiani walilala Mugere siku mbili wakiwa wageni wa chifu wa pale, Mukamba. Kwa hiyo ni lazima walipita mbele ya ufukwe tuliokuwa tumesimama, wakienda na wakirudi.

"Nani alikuwa anapiga kasia?" mdogo wangu aliuliza.

Hilo ndilo swali zuri. Jiwe halina jina la mpiga kasia hata mmoja, wala la Mukamba aliyewalisha. Liliandikiwa wapita njia. Wakazi waliokuwa wakijua siku zote kwamba Rusizi unaingia ziwani hawakuwa na sababu ya kuliandika hilo mahali popote. Hapo nilipata onyo la kwanza kuhusu kazi ya baba mdogo: aliyeandika jina lake kwanza si lazima awe ndiye aliyetangulia, na asiye na maandishi si lazima awe mgeni.

Onyo la pili liko Rumonge penyewe. Mwaka 1879 Mapadre Weupe walifungua hapa misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika nchi ambayo leo ni Burundi. Haikudumu miaka miwili. Tarehe 4 Mei 1881 Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao D'Hoop waliuawa na watu wa hapa, Wabikari. Ugomvi ulikuwa juu ya mtoto mmoja aliyekuwa chini ya wamisionari. Wabikari walidai ni wao na arudishwe, na wamisionari walikataa kumtoa. Baada ya hapo misheni iliachwa, na ya kudumu ilipatikana Muyaga, mbali na ziwa, mwaka 1898.

Kisa hiki nimekisoma mara kadhaa, na kila mara ninarudi kwa mtoto. Pande mbili zilisema "ni wetu", na kila upande ulikuwa na sababu iliyoonekana kwake ni ya haki kabisa. Sisi tumebaki na maandishi ya upande mmoja tu. Wabikari hawakuacha barua, na mtoto mwenyewe hakuulizwa, au kama aliulizwa hatujui alijibu nini. Mwalimu wetu mmoja husema kwamba mwanahistoria hana budi kuuliza ni nani hayupo kwenye faili. Mbele ya ziwa lile niliona kwamba baba mdogo ananiomba nitengeneze faili lenye upande mmoja.

Tuliendelea kusini. Kuna mahali ambapo njia ya zamani imeingia majini, ikabidi tupite nyuma ya nyumba. Baadhi ya nyumba hizo zimebaki kuta tu, na maji yamechora mstari wa matope karibu na madirisha. Mdogo wangu alitaka kujua kwa nini ziwa linakula nyumba za watu na maji yake huenda wapi yakijaa.

Jibu lake ni sehemu ya historia, ingawa vitabu vingi vya historia huliachia jiografia. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, upande wa Kongo, unaopita Kalemie kwenda kukutana na Lualaba. Huo ndio mfereji wa ziwa zima. Cameron aliufikia mwaka 1874. Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matete na matope, maji hayatoki. Ziwa likazidi kupanda. Kisha kizuizi kikapasuka, na Edward Hore alipofika mwaka 1879 aliukuta Lukuga ukienda kwa nguvu. Katika miaka kama kumi na mitano iliyofuata ziwa lilishuka kwa takriban mita kumi. Maana yake ni kwamba ufukwe walioupitia Livingstone na Stanley haukuwa ufukwe huu. Sehemu kubwa ya ardhi tambarare tunayoilima leo, na pengine shamba letu lenyewe, ilikuwa chini ya maji au ukingoni mwa maji katika miaka ya 1870.

Ziwa lilipanda tena mwaka 1964, likafika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Likarudi kwenye kiwango kama hicho mwaka 2021 na tena mwaka 2024, mvua zilipozidi. Watu wa ufukweni walihama, wengine kwa mara ya pili. Na sheria nayo ina neno: ukanda wa mita 150 kutoka ukingo wa ziwa ni wa umma, haujengwi. Lakini ukingo wenyewe ukitembea, mita 150 zinahesabiwa kuanzia wapi? Karatasi ya babu inasema shamba lake linaanzia barabarani "hadi ziwani". Babu aliandikiwa maneno hayo kabla ya 1964. Ziwa lililokusudiwa halipo tena mahali pale.

Tulipumzika chini ya mwembe. Bibi alikaa, akavua viatu, akatazama upande wa Kongo ambako milima huonekana kama moshi. Sikumwuliza kitu. Alianza mwenyewe.

Nieleze kwanza yale yanayojulikana na wote. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini. Waliua maofisa wa serikali na raia, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kujiunga nao. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima na kuendelea kwa miezi. Jeshi na vijana wa chama tawala waliwakamata Wahutu, hasa waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi wa sekondari. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 100,000 na 300,000. Wengi wakakimbilia Tanzania, Zaire na Rwanda. Warundi tunaita mwaka ule Ikiza.

Bibi alikuwa na umri wa miaka 21. Alisema kwanza walisikia kelele usiku, kisha siku kadhaa za ukimya, kisha wanajeshi. Babu alikuwa amejificha kwenye matete. Waliondoka usiku kwa mtumbwi wa kuvulia, watu kumi na mmoja na mtoto mmoja mgongoni mwake, wakifuata ufukwe huu huu kuelekea Kigoma. Mchana walijificha, usiku walipiga kasia. Katika watu wote niliosoma habari zao wakipita kwenye maji haya, yeye ndiye pekee ninayemjua, na jina lake haliko kwenye jiwe lolote.

"Nilifunga mlango," alisema. "Ufunguo nilikaa nao Katumba miaka kumi, nikautupa."

Katumba ni moja ya makazi matatu makubwa ambayo Tanzania iliwapa wakimbizi wa 1972, pamoja na Ulyankulu na Mishamo. Babu alikufa huko. Baba na baba mdogo walizaliwa huko, nami pia. Kuanzia 2007 Tanzania iliwapa wakimbizi wa 1972 hiari ya kuomba uraia au kurudi Burundi. Watu kama 162,000 walikubaliwa uraia. Wengine, zaidi ya 50,000, walichagua kurudi. Sisi tulirudi kwa treni hadi Kigoma na kwa gari hadi Rumonge. Nilikuwa na miaka mitano, na ninachokumbuka ni bibi akilia mbele ya nyumba ya watu wengine.

Maana ardhi haikukaa ikitusubiri. Baada ya 1972 mashamba mengi ya waliokimbia yaligawiwa watu wengine, na mengine yaliingizwa kwenye miradi ya serikali ya michikichi ya kisasa iliyoufanya ukanda huu ujulikane nchi nzima kwa mawese. Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000 ulisema mkimbizi anayerudi apewe mali yake au alipwe fidia. Mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine. Miaka ya mwanzo tume iliegemea kuwapatanisha watu wagawane. Baadaye ilielekea zaidi kumrudishia aliyekimbia yote. Familia mbili zenye kesi zinazofanana kabisa zingeweza kupata majibu tofauti kwa sababu tu ya mwaka waliosikilizwa. Sisi tulisikilizwa mapema. Tukapata nusu. Hapo ndipo uchungu wa baba mdogo ulipo, na sisemi hana haki.

Tulifika mferejini karibu saa sita mchana. Jirani, mama mzee kidogo kuliko bibi, alikuwa upande wake akipembua ngazi zilizovunwa. Waliamkiana kwa kirefu kama wazee wanavyoamkiana, kila mmoja kwenye ukingo wake. Kisha mdogo wangu akaruka mfereji bila kuuliza, akaenda kula mkate aliopewa.

Kwa miaka kumi na sita nilikuwa nikimwita jirani huyu "wa ng'ambo". Sikuwahi kumwuliza alifikaje. Siku hiyo nilimwuliza, kwa sababu ya lile swali la mwalimu wetu kuhusu faili. Alinieleza kwamba alikuja kutoka upande wa Bururi akiwa bibi harusi, mwaka 1976. Shamba lilikuwa tayari la mumewe, amepewa na serikali, na karatasi anayo. Kaka mkubwa wa mumewe alikuwa karani hapa Rumonge. Aliuawa usiku wa 29 Aprili 1972. Mwili wake haukuonekana. Mumewe alipopewa shamba aliambiwa ni la watu walioua na kukimbia.

Bibi alikuwa anasikia. Akasema taratibu, "Mume wangu hakuua mtu."

"Najua sasa," jirani alijibu. "Wakati ule sikuwa nimekujua."

Hakuna aliyeongeza neno. Baada ya muda walianza kuzungumza habari ya mfereji. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda, maji hayakuja kutoka mbele. Yaliingia kwa kupitia mfereji wenyewe, yakirudi nyuma, yakafurika nusu zote mbili sawasawa. Mashina ya chini yalioza upande wetu na upande wao. Baba mdogo na mwana wa jirani walijaza viroba vya mchanga pamoja kwa siku nne ili kuufunga mdomo wa mfereji, na maji yalipopungua wakaufungua pamoja. Baba mdogo hajawahi kunisimulia hilo.

Jioni niliketi kuandika. Tarehe alizozitaka ninazo. Naweza kuthibitisha kwamba babu alilima pale kabla ya 1972, kwamba alikimbia kwa kuogopa kuuawa, na kwamba hakuuza wala hakugawa. Hayo ni kweli na nimeyaandika bila kupunguza. Kuyafifisha ili niwe mtu wa amani kungekuwa kumfanyia babu dhuluma nyingine. Wala sikubali maneno ya wanaosema kwamba kwa kuwa kila mtu alikuja kutoka mahali fulani, basi hakuna mwenye haki. Aliyefukuzwa kwake amefukuzwa kwake.

Lakini niliandika pia kuhusu yule karani aliyeuawa, karatasi ya jirani, miaka yake karibu hamsini pale, na ziwa ambalo halikai mahali pamoja. Niliandika kwamba neno "kutangulia" halitusaidii sana kwenye ufukwe huu, maana kabla ya babu walikuwepo Wabikari, na kabla ya michikichi yetu pengine palikuwa maji. Kinachoweza kudaiwa mahakamani ni kosa lililotendeka, nani alilitenda, na nani mpaka sasa hajalipwa. Nikiuangalia ushahidi kwa macho hayo, mdaiwa mkubwa naona ni dola iliyogawa ardhi ya watu waliokuwa wakiwindwa. Mjane aliye ng'ambo ya mfereji deni lake ni dogo mno kulinganisha. Fidia iliyotajwa Arusha haikutufikia sisi wala yeye.

Kurasa mbili zikawa nne. Baba mdogo alizisoma chini ya taa, polepole, akirudia mahali fulani fulani. Mwisho alisema, "Hii haitatushindia kesi."

Nikamwambia najua.

Hakuzichana. Alizikunja, akaziweka kwenye mfuko wa plastiki anamohifadhi karatasi ya babu na uamuzi wa tume. Kama atakwenda mahakamani au hatakwenda, hajaniambia, na uamuzi ni wake na bibi. Alipokuwa anafunga mfuko aliniuliza jambo moja tu: jirani amesema watauchimba mfereji siku gani kabla ya mvua.